Mkono wa Mbuzi Haupunguzwi

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku ile mwalimu wa kemia aliponiambia ninywe kile nilichokiandika ubaoni. Najua wewe ni mjukuu, lakini nikiwa na jambo zito la kusema huwa nakuita mwanangu, na jana ulinipa jambo zito. Ulifika hapa kutoka Voi, ukatupa mkoba wa shule kitandani, ukasema kemia si ya ukoo wetu. Sikukujibu kwa sababu nilikasirika, na babu yako, Mungu amrehemu, alinizoesha nisiseme na mtoto nikiwa na hasira. Leo imepoa kidogo. Vuta kigoda hicho, umenye mihogo huku unanisikiliza, nikwambie kemia iliingiaje katika ukoo wetu.

Mimi ni mtoto wa Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, msichana wa kwetu kufika sekondari lilikuwa jambo la watu kutoka nyumbani kwao kuja kukutazama. Baba alinipeleka shule ya misheni kule juu milimani. Tulishuka hadi Voi kwa lori la mahindi, tukapanda lori jingine lililokwea kupitia Mwatate, na kadiri tulivyopanda ndivyo meno yangu yalivyogongana kwa baridi. Wasichana darasani tulikuwa wachache, tukapewa madawati ya nyuma. Sikujali. Nilikuwa nimekuja na shida yangu moja.

Shida yenyewe ni hii. Nikiwa mdogo niliugua homa, mama akanipeleka hospitali ya Voi. Pale dirishani alisimama bwana wa dawa, akimimina maji mekundu kutoka chupa kubwa, akiongeza tone la chupa ndogo, akitikisa, akitazama juu kwenye mwanga. Nilikunywa maji yale machungu, nikapona. Njiani nikamwuliza mama mle ndani mlikuwa na nini. Akasema dawa. Nikasema najua ni dawa, lakini ndani ya dawa mna nini? Akanifinya. Tangu siku hiyo nilitaka kusimama upande ule mwingine wa dirisha, nijue mwenyewe mna nini. Nikaambiwa mlango wa kufika pale unaitwa kemia.

Sasa hedmasta wetu, Mzungu mrefu aliyependa kila kitu kikae kwa mstari, alitangaza kwamba tukirudi kutoka likizo ya Desemba tutafanya mtihani wa kemia. Atakayeanguka ataachana nayo. Mvulana ataenda bustani, msichana ataenda ushonaji. Mimi sina ugomvi na cherehani, nguo uliyovaa niliishona mwenyewe. Lakini cherehani isingenifikisha kwenye lile dirisha.

Na ndipo tukafika kwenye kusawazisha milingano, palepale unapokwama wewe. Mwalimu Mwakio, kijana wa huko huko milimani, mpole wa maneno lakini mkali wa macho, alituambia hivi: upande wa kushoto unaandika vinavyoingia, upande wa kulia unaandika vinavyotoka. Hakuna kinachopotea njiani na hakuna kinachozaliwa. Hesabu ya kushoto sharti ilingane na ya kulia. Akaandika haidrojeni, ambayo hutembea wawili wawili. Akaandika oksijeni, nayo hutembea wawili wawili. Zikiungua pamoja hutoka maji, na kila chembe ya maji ina haidrojeni mbili na oksijeni moja. Kisha akaniita nije nisawazishe.

Nikatazama. Kushoto oksijeni mbili, kulia moja. Upande wa kulia umepungukiwa, kwisha. Na mimi nimelelewa katika nyumba ambayo kibaba kikipungua unaongezea konzi, husemi na mtu. Haba na haba hujaza kibaba. Nikachukua chaki, nikaandika kijimbili kidogo chini ya oksijeni ya maji, kikasomeka H2O2. Nikahesabu kushoto, nikahesabu kulia, sawasawa. Nikageuka kulitazama darasa, nikitabasamu.

"Wakesho," akasema Mwalimu, "hicho ulichokiandika ni nini?"

"Ni maji, Mwalimu."

"Basi kunywa."

Nikafikiri ananitania. Akaenda kabatini, akatoa chupa ndogo ya rangi ya kahawia, akamwita mvulana mmoja aliyejichubua goti mpirani, akamdondoshea pale kwenye kidonda. Povu jeupe likafura, yule mvulana akaruka. "Hiki ndicho ulichoandika," Mwalimu akasema. "Ni cha kuoshea vidonda. Ukinywa kikombe, tumbo litakulaumu. Namba ndogo ya chini ndiyo inayosema kitu ni nini. Ukiigusa hujasawazisha chochote, umekitoa kitu cha watu ukaleta kingine." Darasa likacheka, na mimi nikarudi nyuma na chaki yangu mkononi, uso unawaka.

Aibu si kitu, mwanangu, aibu huisha kama jua la saa kumi. Kilichonitesa ni kwamba hata baada ya kukatazwa kugusa namba ya chini, sikuona njia nyingine. Mwalimu alisema tuweke namba kubwa mbele. Nikiweka mbili mbele ya maji, oksijeni inatulia, haidrojeni inaharibika. Nikitengeneza hapa, pale panabomoka. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Ilikuwa blanketi fupi: ukifunika kichwa, miguu inabaki nje. Siku tuliyofunga shule nilimwambia msichana tuliyekaa naye dawati moja kwamba mimi nitakwenda ushonaji tu, kemia si ya ukoo wetu.

Umeacha kumenya. Ndiyo, ni maneno yako hayo hayo. Nilikuwa nayo mdomoni kabla mama yako hajazaliwa.

Nikarudi Makwasinyi, nikakuta nyumbani kumechangamka, dada yangu mkubwa anaolewa. Hapa nikueleze kidogo, maana ninyi siku hizi nyama mnanunua kwa kilo. Katika ukoo wetu wakati ule mbuzi wa harusi hakuwa wa kushibisha tumbo peke yake. Wa kupikwa walikuwepo, wakaliwa na kila mtu. Lakini mbuzi wa heshima alikuwa mwingine, na kila kiungo chake kilikuwa na mwenyewe. Mkono, yaani mguu wa mbele, ulikuwa wa mjomba. Kidari kilikuwa cha shangazi. Kichwa kilikuwa cha mzee mkubwa wa ukoo. Wanaume ndio walioshika visu, lakini aliyejua nini kiende kwa nani alikuwa Shangazi Mghoi, dada mkubwa wa baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe kutoka bonde la pili. Sisi wasichana tuliweka nyama kwenye nyungo na kupeleka kwa wenyewe.

Baba alichinja mbuzi mmoja wa heshima, kwa sababu wajomba waliotarajiwa walikuwa wawili, na mbuzi ana mikono miwili. Hesabu ikakaa vizuri. Basi nyama imeshapangwa, mimi nainama kuinua ungo, tukasikia hodi. Mjomba wa tatu huyo, kutoka Mraru, aliyesema haji kwa sababu ya mguu wake mbovu. Alikuja na mguu wake mbovu, kwa fimbo, anacheka, ametapakaa vumbi jekundu hadi nyusi.

Watu wote wakafurahi, nami nikafurahi, na kwa kuwa nilikuwa msichana wa sekondari nikaona ni mimi wa kutatua. Nikachukua kisu. Nikasema moyoni nikate kipande kwenye mkono huu, nikate kipande kwenye ule, nipate fungu la tatu, mambo yaishe. Sijagusa nyama, Shangazi Mghoi akanishika kifundo cha mkono.

"Unafanya nini, Wakesho?"

"Nasawazisha, shangazi. Nyama si ni ile ile?"

"Ile ile ya nani? Ukikata hapo huo si mkono tena, ni vipande. Mjomba wa kwanza atapata mkono uliopunguzwa, wa pili vilevile, na huyu aliyekuja na mguu mgonjwa atakula makombo ya wenzake. Ulitaka kumheshimu mmoja, umewavunjia heshima watatu."

"Sasa tufanyeje? Mbuzi ana mikono miwili tu."

"Ana miwili ndivyo alivyoumbwa," akasema. "Yeye haongezewi. Analetwa mwingine."

Baba alisikia. Akatazama zizi, akatazama dada yake, akatazama zizi tena. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, ingawa uso wake haukuwa wa mtu anayepona. Akaenda akaleta mbuzi wa pili.

Alipokwisha kuchunwa nikaona kasoro, nikacheka, kwa sababu nilikuwa bado nina uchungu wa kushikwa mkono mbele ya watu. Nikamwambia shangazi, haya sasa, tumepata mikono minne na wajomba ni watatu. Na vichwa ni viwili, na vidari viwili. Umetengeneza hapa, umeharibu kule. Nilidhani nimemshinda, mwanangu. Nilitaka akwame pale nilipokwama mimi.

Hakukwama. Aliniangalia kama mtu anayemtazama mtoto akijaribu kuvaa shati kwa miguu. "Mbuzi haji mkono peke yake," akasema. "Ukimwita anakuja mzima, na kichwa chake na kidari chake. Ndiyo maana ukishamleta unarudi nyuma unahesabu wote upya. Kaa chini uhesabu na mimi."

Tukakaa. Alihesabu nyumba za wenye mafungu kwa vidole, polepole, akirudi nyumba ya kwanza kila tulipofika mwisho. Kichwa cha pili kiende kwa mzee wa upande wa bwana harusi, maana kumbe hata yeye tulikuwa tumemkosea. Kidari cha pili kiende kwa shangazi yetu mwingine aliyeko ng'ambo ya mlima. Ukabaki mkono mmoja. Shangazi akapiga paja lake. "Babu Mwang'ombe," akasema. "Mjomba wa mama yako. Yu hai, na hakuna aliyemhesabu."

Nikapewa mimi kumpelekea. Alikuwa kipofu, akiishi na mkaza mwanawe kwenye nyumba ya udongo karibu na mfereji wa maji yatokayo mlimani. Nilimsalimu, nikaweka ungo magotini pake. Akaupapasa ule mkono kuanzia kwato, akapandisha vidole taratibu kwenye goti, kwenye msuli, hadi begani, akitafuta palipokatwa. Hakupata. Akarudia tena kutoka mwanzo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe bado nahesabiwa." Machozi yakamtoka kwenye yale macho yasiyoona, na mimi nikalia.

Nilirudi polepole, jua bado liko juu. Nilipofika kwenye mchanga wa kijito kikavu miguu ikasimama yenyewe. Nikaokota kijiti, nikachora. Oksijeni imekuja wawili, maji yanataka mmoja, mmoja amebaki. Usiyaguse maji, ndivyo yalivyoumbwa. Lete maji mengine mazima. Sasa oksijeni wote wana kwao. Lakini maji hayaji na oksijeni peke yake, yamekuja na haidrojeni zake, nazo sasa zimepungua upande wa kushoto. Si kosa. Ni kurudi nyuma tu na kuhesabu upya. Lete jozi nyingine ya haidrojeni. Haidrojeni nne huku, nne kule. Oksijeni mbili huku, mbili kule. Hakuna aliyebaki nje, hakuna aliyekatwa.

Nilikaa pale mchangani nikacheka peke yangu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na mtungi akanitazama, akaharakisha mwendo. Kile nilichokiita kuharibika hakikuwa kuharibika hata kidogo, kilikuwa nusu ya kazi. Nilikuwa ninaacha kila mara pale pale ambapo shangazi alikuwa ndiyo kwanza anakaa chini.

Usidhani basi nilirudi shule nikiwa bingwa. Mbuzi alinifungulia mlango, lakini kuingia niliingia kwa miguu yangu. Likizo yote iliyobaki nilichora mchangani, nikikosea, nikifuta kwa kisigino. Mama alidhani nimepata mchumba ninayemwandikia jina. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama hasa, mgongo ukauma.

Siku ya mtihani hedmasta mwenyewe alipitapita kati ya madawati. Swali la mwisho lilikuwa la kutu. Chuma na oksijeni zikikutana hutoka kutu, na kila chembe ya kutu ina chuma mbili na oksijeni tatu. Oksijeni inakuja kwa jozi, na huyu anataka tatu. Kalamu yangu ikaenda yenyewe kwenye ile namba ndogo ya chini, ikasimama juu yake. Nikakumbuka vidole vya Babu Mwang'ombe vinavyotafuta palipokatwa. Nikaiondoa kalamu. Nikaleta kutu ya pili, nzima. Oksijeni zikawa sita, jozi tatu. Nikarudi nyuma, nikahesabu chuma, zikatakiwa nne. Nikahesabu tena kutoka nyumba ya kwanza. Nikaweka kalamu chini.

Hedmasta alisoma majina asubuhi nje ya darasa, tumejipanga kwa ule mstari wake. Aliposoma langu miongoni mwa wanaobaki kwenye kemia sikusikia la mtu mwingine baada ya hapo. Mwalimu Mwakio aliniita baadaye, akaniuliza kilichotokea likizoni. Nikamsimulia habari za mbuzi, mikono na wajomba. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu, halafu akasema, "Sawa, Wakesho. Lakini ukumbuke, oksijeni haina mjomba." Kisha akacheka, akacheka mpaka akavua miwani kuifuta. Wadogo zetu waliotufuata waliniambia kwamba darasani kwao alikuwa akianza na mbuzi.

Kwa hiyo nilisimama upande ule mwingine wa dirisha, mwanangu. Miaka mingi, palepale Voi, mpaka nilipostaafu. Watoto wenye homa waliletwa na mama zao, na kila mtoto aliyeniuliza mle ndani mna nini nilimwambia, kimoja kimoja, hata foleni iliponung'unika.

Sasa sikia ninalotaka ubaki nalo, mihogo inatosha. Maisha yatakuletea hesabu zisizolingana, si za shule tu. Utaona umepungukiwa, na mkono wako utataka kukata kidogo hapa, kubandika kidogo pale, ili mbele za watu ionekane sawa. Utataka hata kujipunguza wewe mwenyewe ili utoshe mahali. Usifanye. Kitu kiache kilivyo, na mtu mwache alivyo, kisha wewe ongeza unacholeta: kazi, subira, muda, mbuzi mwingine. Na ukishaongeza ukaona kwingine kumevurugika, usikimbie. Kila unachokileta kinakuja kizima na mahitaji yake, hata ndoa, hata mtoto, utaona. Keti, rudi nyumba ya kwanza, hesabu upya. Ukirudi nyuma hivyo hujashindwa, maana kazi yenyewe ndiyo hiyo. Heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Na usiniambie tena kitu fulani si cha ukoo wetu. Katika ukoo huu hata kipofu wa kando ya mfereji alikuwa na mkono wake mzima, sembuse wewe mwenye macho mawili na kitabu.

Nipe hicho kikombe. Wazee wetu walipobariki walikuwa wakitia funda la kinywaji mdomoni, wakalipuliza hewani huku wakitamka maneno mema, ili hasira itoke na baraka ibaki. Kuna wanaonisema kwamba mwanamke wa kanisa hafanyi hivyo. Waache waseme. Mimi sina pombe, nina maji ya Kasigau, haidrojeni mbili na oksijeni moja, hakuna aliyeyaongeza wala kuyapunguza. Inamisha kichwa.

Hasira yangu ya jana itoke. Mungu akupe akili inayorudi nyuma bila aibu. Akupe mkono usiokata cha mwenzio. Unacholeta kiwe kizima, na unachopewa kiwe kizima. Na popote watakapokaa watu kuhesabiana, mwanangu, uhesabiwe.

Haya, jipanguse hayo maji usoni. Kalete kile kitabu.